Kabla Hujanunua Debe la Chikanda, Panda Kwanza Kitulo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Mjimwema alinifuata ofisini. Analima viazi mviringo ekari mbili na hesabu anazijua kweli kweli. Baada ya salamu akafungua kiroba kidogo mezani. Ndani kulikuwa na vitu kama viazi vichanga, virefu kidogo, ukubwa wa kidole gumba.

"Bwana shamba, hii ndiyo chikanda. Wanunuzi wa Tunduma wanaitafuta. Naweza kuipanda shambani? Na kama haipandiki, nikiweka vijana wakachimbe porini kuna ubaya gani?"

Swali zuri. Nimeona nilijibu hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza, na jibu lake linaanzia juu kule Kitulo, Makete, kwenye moja ya maajabu ambayo sisi wa Njombe tunayapita tu bila kuyaangalia.

Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ni uwanda wa juu, karibu meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo Juni na Julai asubuhi unakuta nyasi zimeganda barafu. Miti hakuna, ni nyasi tupu. Halafu mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, ardhi yote inabadilika rangi: njano, zambarau, nyeupe, nyekundu. Kuna aina kama 350 za mimea pale, na kati ya hizo okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Mwaka 2005 ikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Si tembo, si simba. Maua.

Sasa chikanda ni nini? Ni kiazi cha chini cha hizo okidi. Upande wa Zambia wanaikausha, wanaitwanga, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wanapika mpaka inashikana kama soseji kubwa. Unakata vipande, unakula. Chakula kitamu na cha heshima kwao, sina neno nacho. Tatizo ni kwamba okidi za kwao zilipungua, wanunuzi wakavuka mpaka. Watafiti waliofuatilia biashara hii Nyanda za Juu Kusini miaka ya 2000 mwanzoni walikadiria viazi vinavyochimbwa kwa mwaka kwa mamilioni.

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndiyo sehemu yenye hesabu.

Ukifukua okidi unakuta viazi viwili. Kimoja kimesinyaa: hicho ndicho kilichootesha mmea wa mwaka huu, kimeishiwa. Cha pili ni kigumu, kimejaa: hicho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kipi? Kile kilichojaa, bila shaka. Kwa hiyo kila kiazi kinachoingia kwenye debe ni mmea mmoja uliokwisha. Si tawi lake, ni mmea mzima.

Utasema, si itaota mbegu? Mbegu inazo, maelfu kwenye tumba moja, lakini ni kama vumbi. Hazina chakula ndani kama punje ya mahindi. Mpaka zikutane na aina fulani ya kuvu kwenye udongo ule ule, huyo kuvu azilishe, ndipo ziote. Na ikiota inachukua miaka kabla ya kutoa ua. Ndiyo maana nikamwambia yule kijana: hapana, huwezi kuichukua ukaipanda Mjimwema kwa sentimeta 75 kwa 30 ukasubiri mavuno.

Linganisha na kiazi chako mviringo. Hicho nacho ni ajabu ya milimani, tena ya mbali: asili yake ni milima ya Andes, Peru na Bolivia, ambako mpaka leo wakulima wana maelfu ya aina, vya zambarau, vyekundu, vilivyopinda kama pembe. Aina ya Asante unayoijua imetokana na kazi ya kituo cha kimataifa cha viazi kilichopo Lima, Peru. Kiazi kimoja cha mbegu kinakupa vingi, unauza, unabakiza mbegu. Chikanda unatoa kimoja, unabaki na shimo. Biashara gani hiyo ya kula mtaji?

Na sheria ipo. Ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa. Hata nje ya hifadhi, okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Mnunuzi wa Tunduma hawezi kukuambia hilo, lakini ukikamatwa na mzigo mwenye kesi ni wewe.

Kingine ambacho vijana wengi hawakijui: maji ya Kitulo yanashuka Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda mpaka Mtera na Kidatu. Nyasi zile zikichimbwa-chimbwa, udongo wa majivu ya volkano haukai. Ninyi mnaotegemea vinyungu kiangazi mnajua mto unavyobadilika juu kukiharibiwa.

Nisimsahau kipunji. Huyu ni nyani fulani wa misitu ya Rungwe na Livingstone, ubavuni mwa Kitulo. Wawindaji walikuwa wakimsimulia, wataalamu wakadhani ni hadithi, mpaka watafiti walipomwona 2003. Mwaka 2006 ikabidi apewe jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa nyani wa Afrika halijatokea kwa zaidi ya miaka 80. Na tabia yake? Huiba mahindi shambani. Wakulima walimjua kabla ya maprofesa.

Yule kijana aliniuliza, "Sasa mimi nafaidikaje na maua?" Hajakosea kuuliza. Wageni wanaokuja msimu wa maua wanakula, wanalala, wanahitaji mtu wa kuwaongoza, na viazi, maziwa na asali ya kule juu wananunua. Si fedha ya haraka kama debe la chikanda, nakiri.

Tumekubaliana Februari tukodi gari, vijana kumi, tupande kupitia Makete tukaone wenyewe. Nafasi zimebaki nne. Beba koti zito na buti za mvua. Viatu vya raba utaviacha kwenye tope. Yule wa chikanda amelipia tayari, na kile kiroba bado kipo ofisini kwangu.