Kichwa Kinachobana na Picha Isiyosema

Mtu aliyeumwa na kichwa kwa miezi mingi, maumivu yenyewe yakiwa si ya kupwita wala ya kudunga bali ya kubana na kujaa, hufika siku akakata shauri kutumia akiba yake kulipia picha ya ubongo. Na karatasi ya majibu inapomfikia mkononi, badala ya kukuta ndani yake jina la maradhi au habari ya salama, hukuta maneno ya katikati na katikati: vidoa vyeupe vichache visivyo na maana maalumu, kitako cha tezi ya pituitari kilicho kitupu kwa kiasi, hakuna uvimbe ulio dhahiri, tafadhali linganisha na hali ya mgonjwa. Agizo hilo la mwisho, ambalo aghalabu hupitwa na macho ya mgonjwa na, kwa masikitiko, hata ya baadhi ya matabibu, ndilo lenye thamani kuliko yote yaliyolitangulia, kwa sababu msomaji wa picha anakiri kwa adabu kwamba yeye ameona umbo tu, na kwamba sababu ya maumivu haina budi itafutwe kwa mwenye kichwa.

Sisemi haya kwa kuidharau picha. Kabla ya tarehe 1 Oktoba 1971, siku mgonjwa wa kwanza alipolazwa katika mashine ya CT iliyobuniwa na Mwingereza Godfrey Hounsfield, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, tabibu aliyetaka kujua yaliyomo ndani ya fuvu la mtu aliye hai alilazimika mara nyingi kuingiza hewa katika vyumba vya ubongo na kupiga eksirei, kazi iliyomtia mgonjwa maumivu makali kupita yale aliyokuja nayo. Picha ya leo huondoa hofu kubwa kwa dakika chache: uvimbe, damu iliyovuja, maji yaliyojaa vyumbani. Lakini picha huonyesha umbo, haipimi shinikizo, na atazamaye picha ya jahazi lililotia nanga hawezi kujua ni maji kiasi gani yaliyomo ngamani mwake. Tena picha hujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, nchini Uholanzi, walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 2,000 wa makamo na wazee, waliochukuliwa katika raia wa kawaida, wakaona makovu ya viharusi visivyojulikana katika asilimia 7.2 ya watu hao, mishipa ya damu iliyotuna katika asilimia 1.8, na uvimbe usio wa saratani katika asilimia 1.6. Watu hao walikuwa wakienda zao sokoni na kanisani bila habari. Kwa hiyo kidoa kilichoonekana katika picha ya mtu anayeumwa na kichwa chaweza kuwa hakina hatia yoyote, na kukishitaki kwa kuwa kimekutwa mahali pa tukio ni hukumu ya haraka.

Shinikizo lenyewe latoka wapi? Mwaka 1783 Alexander Monro wa Edinburgh, na baada yake George Kellie mwaka 1824, walibainisha kanuni ambayo hata leo haijatenguka: fuvu la mtu mzima ni chombo kigumu kisichotanuka, na ndani yake mna vitu vitatu tu, ubongo, damu na maji, hivi kwamba kimoja kikiongezeka hapana budi kingine kipungue, na kisipopungua shinikizo hupanda. Maji hayo, ambayo katika mtu mzima hukadiriwa kuwa mililita 150 hivi, hutengenezwa ndani ya ubongo kwa kiasi cha nusu lita kila siku na kunyonywa tena katika damu kupitia mishipa mikubwa ya vena iliyo chini ya fuvu, maana yake hubadilishwa yote zaidi ya mara tatu kati ya alfajiri na alfajiri. Shinikizo hili silo lile lipimwalo mkononi. Mtu aweza kuwa na presha ya damu iliyo sawasawa miaka yote ilhali maji ya kichwani mwake yamezidi, ingawa presha ya damu iliyopanda mno nayo huleta dalili za kufanana, na ndiyo sababu hupimwa kwanza.

Sasa tuingie katika fumbo lenyewe, nalo ni kwamba maji yaliyozidi na maji yaliyopunguka, hali mbili zilizo kinyume kabisa, huweza kuleta lalamiko lile lile la kichwa kinachobana. Katika mji wa Kiel, Ujerumani, ndiko zilikoanzia njia zote mbili za kuyajua mambo haya. Heinrich Quincke, profesa wa huko, alitangaza mwaka 1891 namna ya kuchoma sindano mgongoni na kupima shinikizo la maji. Na mwaka 1898 August Bier, mpasuaji wa mji huo huo, alikubali kuchomwa yeye mwenyewe sindano ya namna hiyo katika majaribio ya ganzi, maji mengi yakamvuja, akapatwa siku zilizofuata na kichwa kilichobana akiwa wima na kutoweka pindi alipolala. Maelezo yake hayajapata kuchakaa. Swali la kwanza kwa mwenye kichwa kinachobana, swali lisilogharimu hata senti, ni hili: ukilala, chapungua au chazidi? Anayeamka nacho kidogo kikakua kadiri siku inavyosogea, akatamani kujinyoosha ifikapo adhuhuri, atuhumiwe kupungukiwa na maji. Anayeamka nacho kikubwa, kikazidi akikohoa, akiinama au akijikaza chooni, atuhumiwe kuzidiwa nayo. Tuhuma si ushahidi, lakini huonyesha pa kuanzia.

Maradhi ya kuzidi kwa shinikizo bila uvimbe wala sababu nyingine iliyo bayana, ambayo Walter Dandy wa Marekani aliyaeleza mwaka 1937 kwa wagonjwa 22, huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa waliopata unene katika miezi ya karibuni. Pamoja na kichwa, mgonjwa husikia mvumo masikioni unaokwenda sawa na mapigo ya moyo, na akisimama ghafla giza humfunika macho kwa nukta chache kisha likaondoka. Giza hilo lisipuuzwe. Shinikizo husafiri katika ala ya mshipa wa kuonea hadi nyuma ya jicho, mshipa ukavimba, na ukivimba muda mrefu hufa, na jicho halirudi. Uvimbe huo huonekana kwa kile kioo cha kutazamia ndani ya jicho alichokitangaza Hermann von Helmholtz mwaka 1851, chombo kidogo kinachoingia mfukoni. Nami naona ni ajabu isiyo na udhuru kwamba mgonjwa hupelekwa katika mashine ya mamilioni kabla hajatazamwa kwa chombo hicho. Kipimo cha macho kwa mtaalamu, pamoja na kupima upana wa eneo la kuona, ndicho kinachofuata picha isiyosema, au hasa ndicho kilichostahili kuitangulia.

Baada ya macho, picha yenyewe irudiwe kusomwa kwa swali jipya. Kitako cha tezi kilicho kitupu, ambacho katika watu wengi hakina maana, huanza kuwa na maana kikiambatana na mboni za macho zilizobonyea upande wa nyuma na ala za mishipa ya kuonea zilizojaa maji. Na vena zitazamwe kwa picha yao maalumu, kwa kuwa damu iliyoganda ndani yake huziba njia ya maji na kuiga maradhi haya kila kitu, ilhali picha ya CT ya kawaida yaweza isionyeshe lolote; mwanamke aliyejifungua karibuni, au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, asiruhusiwe kuondoka bila jambo hilo kufikiriwa. Dawa nazo ziulizwe moja moja, kwani doksisaiklini, wapewayo watu kwa chunusi au kwa kinga ya malaria, na vitamini A inayozidi kiasi, zote zimejulikana kupandisha shinikizo hili.

Hapo ndipo inapofika zamu ya sindano ya mgongo, nayo huogopwa mno katika nchi zetu. Watu husema kwamba imepoozesha fulani, au kwamba fulani alichomwa na kesho yake akafa. Hakika ni kwamba sindano huingizwa chini ya mahali unapokoma uti wa fahamu, na kwamba wengi wa waliofariki walifikishwa hospitali wakiwa tayari wamezidiwa na homa ya uti wa mgongo, sindano ikabebeshwa lawama ya maradhi. Kwa mgonjwa wa virusi vya ukimwi aliyeshikwa na fangasi wa kriptokokasi, ambaye kichwa chake hubana kwa namna hii hii na picha yake yaweza kuwa safi, kutoa maji kwa sindano huwa ni tiba yenyewe, na huokoa roho. Sharti kubwa ni kwamba picha itangulie ili kuthibitisha kuwa hakuna uvimbe unaoweza kuusukuma ubongo ushuke. Mgonjwa hulazwa ubavu, miguu ikinyoshwa na mwili ukilegezwa, na maji yakapimwa kwa sentimita: yanayopita 25 kwa mtu mzima ni mengi, yaliyo chini ya 6 ni machache.

Upande wa maji yaliyopunguka una hila zake. Utando wa uti hutoboka wenyewe, pengine kwa kucheka au kubeba ndoo, maji yakavuja polepole bila mtu kuona tone. MRI yenye dawa ya kung'arisha huonyesha utando wa ubongo uliokoza, lakini kiasi cha mmoja katika wagonjwa watano picha yake ya kichwa huwa safi, na wengine hata kipimo cha sindano hukutwa sawa. Kwa hiyo tundu hutafutwa katika mgongo, au mgonjwa hutibiwa kwa dhana iliyo na nguvu. Tiba ni ya ajabu kwa wepesi wake: damu ya mgonjwa mwenyewe hudungwa nje ya utando huo, kama alivyofanya James Gormley mwaka 1960, na mara nyingine maumivu huondoka siku ile ile.

Walakini wengi wa wanaobanwa na kichwa hawana hili wala lile. Wana kichwa cha mkazo wa misuli, au kipandauso kilichobadilika sura, au, jambo lililoenea kuliko linavyodhaniwa, maumivu yanayolishwa na dawa zenyewe: anayemeza panadoli siku 15 au zaidi katika mwezi, au dawa za mchanganyiko siku 10, kwa muda upitao miezi mitatu, huenda anaumwa kwa sababu anameza. Huyu picha ya tatu haitamsaidia. Kitakachomsaidia ni kuziacha chini ya uangalizi.

Kwa aliyethibitika kuwa na maji mengi, kupunguza uzito ndiyo tiba ya msingi, na asetazolamaidi, iliyozoeleka katika presha ya macho, ilithibitishwa kulinda uwezo wa kuona katika majaribio ya wagonjwa 165 yaliyochapishwa mwaka 2014.

Uendapo kwa tabibu, basi, chukua picha zenyewe pamoja na karatasi yake, orodha ya kila dawa umezayo, na daftari la siku za maumivu, saa zake, na namna yalivyokuwa ulipolala na uliposimama. Kisha omba utazamwe ndani ya macho. Na ikiwa kuona kumeanza kufifia, au kichwa kimekuja ghafla kwa kishindo, au kimefuatana na homa na shingo iliyokakamaa, au umejifungua majuma machache yaliyopita, usingoje miadi yako: nenda hospitali leo.