35 na 50 kwa mia: ni bahati tu ao ni kweli?



Kila juma ndani ya dortuari tunasikia mabishano: dawa hii ina nguvu kuliko ile, kwani huku wamepona wengi. Sisi wa mwaka wa sita tunataka kuonyesha ginsi hesabu inavyokata maneno ya namna hii. Mfano unatoka kwa jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini.

Mwaka 2018 Ebola iliingia Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Tangu Novemba, waganga wa INRB ya Kinshasa, ya Profesa Muyembe, pamoja na wenzao wa Marekani, walijaribu dawa nne. Kila mgonjwa alipata dawa yake kwa kura. Bila kura hesabu yote ni bure, maana walio hali mbaya wangeweza kuwekwa upande mmoja.

Wagonjwa 169 walipata ZMapp. Kwa siku 28 walikufa 84, ni kusema 50 kwa mia. Wengine 174 walipata mAb114; walikufa 61, ndiyo 35 kwa mia. (Hii mAb114 ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Ni ya kwetu!)

Lakini tia mkono mara mbili ndani ya kitunga kimoja cha maharagi meupe na mekundu: hutapata hesabu sawasawa, hata kitunga ni kile kile. Basi tudhani kwanza kwamba dawa zote mbili ni kitunga kimoja. Waliokufa ni 145 kwa 343, ao 0,423, waliopona 0,577. Zidisha hizo mbili, zidisha tena na jumla ya 1/174 na 1/169, kisha tafuta kipeuo cha pili (rasini kare). Utapata 0,053: ndiyo kiasi bahati inavyotikisa hesabu. Tofauti yetu ni 0,146, mara 2,7 ya kile kiasi. Bahati peke yake inapita mara 1,96 paka mara 5 kwa 100. Kumbe dawa zinatofautiana! Waganga wenyewe walitumia kipimo kikali kuliko hiki cha daftari.

Dawa nyingine, remdesivir: walikufa 93 kwa 175, ndiyo 53 kwa mia. Je, ni mbaya kuliko ZMapp? Hapa wengi wanakosea. Hesabu inatoa 0,6 tu. Hakuna wa kusema hivyo.

Tena, kama wangekuwa wagonjwa 20 kila upande, wafe 7 huku na 10 kule, ni ile ile 35 na 50, lakini tungepata 0,96. Ndiyo maana mabishano ya dortuari hayaishi.

Tarehe 9 Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa. Zilibaki mAb114 na REGN-EB3, ambayo nayo ilishinda. Mgonjwa aliyefika Beni juma lililofuata hakupigiwa tena kura ya ZMapp.