Lini kijana apewe namba ya mkongwe?

KILA dirisha la usajili linapofunguliwa, ubishi huwa ni ule ule, uwe wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa chini ya mwembe katika kata ya Mtawanya, wilayani Kibiti. Kijana anayefunga mabao katika timu ya vijana apandishwe sasa, au mkongwe aendelee kupewa namba?

Wengi hujibu kwa kutazama kipaji peke yake. Makocha hutazama pia dakika. Mchezaji wa miaka 18 akipandishwa kisha akasugua benchi msimu mzima, hupoteza zaidi ya yule aliyebaki timu ya vijana au kupelekwa kwa mkopo katika klabu ndogo anakocheza kila wiki. Kwa hiyo swali la kwanza si kama kijana ni hodari, bali ni mechi ngapi zitapatikana kwa ajili yake.

Mfano ulio karibu ni wa Clement Mzize wa Yanga. Kocha Nasreddine Nabi alimpandisha mwaka 2022 kutoka kikosi cha vijana, wakati mshambuliaji tegemeo akiwa Fiston Mayele, aliyefunga mabao 17 ya ligi msimu wa 2022/23. Kumweka Mayele nje ili kijana acheze kungekuwa wazimu. Mzize aliingizwa kidogo kidogo, akajifunza, na Mayele alipokwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, nafasi ilimkuta akiwa tayari. Prince Dube aliposajiliwa mwaka 2024, kijana hakurudi benchi. Alimaliza msimu wa 2024/25 na mabao 14 ya ligi.

Klabu ndogo haina sababu ya kungoja hivyo. Mbwana Samatta alianza kuonekana African Lyon, timu iliyotokana na Mbagala Market, akaenda Simba mwaka 2010 na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Mwaka 2020 alikuwa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Timu isiyowania ubingwa hupoteza pointi chache kwa makosa ya kijana, lakini ikimficha nyuma ya mkongwe anayestaafu mwakani, hupoteza mchezaji ambaye ingeweza kumuuza.

Nafasi uwanjani nayo ina uzito wake. Winga akipoteza mpira, wenzake kumi wako nyuma yake. Kipa akikosea, ni bao. Ndiyo maana winga wa miaka 17 huaminiwa mapema, na kipa wa umri huo huambiwa asubiri, jambo ambalo mashabiki wetu, wepesi wa kuzomea, wangefaa kulikumbuka.

Mkongwe naye asionewe. Anayejua kutuliza mchezo dakika ya 85 timu ikiongoza bao moja ana thamani isiyoonekana kwenye orodha ya wafungaji. Dalili ya kumpumzisha ni pale anapoanza kuchelewa kurudi kukaba na tofauti kati yake na kijana inapobaki jina tu.

Kwa timu ya kijijini kama za Mtawanya, kuna hesabu nyingine ambayo huzungumzwa mara chache. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kwenda nchi nyingine, asilimia tano ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya mwaka wake wa 12 na wa 23. Mwaka mmoja wa kati ya umri wa 16 na 23 una nusu asilimia ya ada yote. Lakini klabu hulipwa ikiwa imesajiliwa na kijana ameandikishwa kwake. Aliyecheza chandimu miaka mitatu bila kadi, kisha akapanda basi la Mbagala kwenda kufanya majaribio, ameondoka na kila kitu.