Mpangaji Naye ni Jirani

Mwulize mkazi wa Tunduma kwao ni wapi. Mara nyingi atakutajia Rungwe, Makete au Ileje, hata kama watoto wake wote wamezaliwa hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu katika mji wetu watu wasiofika 100,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 200,000. Wengi tumeletwa na biashara ya mpakani na malori yaendayo Zambia, tukapanga chumba tukisema, "Ni kwa muda tu."

Sisi wauguzi tunayaona matokeo yake katika wodi ya wazazi. Mama mmoja huletwa usiku na majirani: huyu kashika beseni na khanga, yule chupa ya uji, na wa tatu kabaki nyumbani kulala na watoto. Mwingine, mumewe akiwa safarini na lori, hufika peke yake kumekucha, na uchungu ulianza jioni. Alipakana na jirani ukuta kwa ukuta, lakini hakujua amwamshe nani. Na mtoto aliyechoka tumboni hasubiri mapambazuko.

Tunavyo vyama vya kufa na kuzikana, vyenye turubai na masufuria yao, navyo ni vizuri. Ila mitaa mingine huandika wenye nyumba tu. Mpangaji hupitwa na daftari kana kwamba yeye hafiwi! Mtu wa namna hiyo kodi ikipanda kidogo anahama, wala hana cha kukumbuka. Aliyezikiwa mtoto wake na majirani hahami upesi, hata chumba kikivuja.

Wanyamwanga, wenyeji wetu, hata mpaka haukuwakatia undugu. Wa Nakonde huvuka kuja msibani huku, na wa huku huenda kule.

Katika kikundi chetu cha akina mama, tukisikia mpangaji mpya kafika tunamtembelea wawili, siyo kumi, maana chumba chenyewe ni kimoja. Habari za mchango hatuzigusi siku hiyo. Tunamwuliza jina, namba ya simu ya mumewe, na kama ni mjamzito, tarehe ya kujifungua iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Kisha tunatoka naye hadi nje, tukamwonyesha mlango wa kugonga usiku.