Uzito Ukigoma Kushuka Ilhali Dawa Unatumia

Anayetumia dawa ya kupunguza hamu ya kula huanza kwa miezi ya furaha. Sahani inabaki nusu, nguo zinalegea, mizani inateremka. Kisha uzito unagoma. Mwezi unapita, wa pili unapita, namba ni ileile. Hapo wengi huangukia kosa moja kati ya matatu: wanaacha dawa wakiamini imeisha nguvu, wanaongeza dozi bila kumwuliza daktari, au wanajinyima chakula mpaka kizunguzungu kiwashike. Msomaji wa Kimuli, au popote Kyerwa na Karagwe mkoani Kagera, ana sababu ya ziada ya kulielewa jambo hili: dawa ni ghali, inatoka mbali, na haifai kuipoteza kwa uamuzi wa haraka.

Dawa ninazozizungumzia ni semaglutaidi (Ozempic na Wegovy), liraglutaidi (Saxenda) na tirzepataidi (Mounjaro). Zinaiga homoni ambazo utumbo hutoa baada ya mlo. Zinatuliza njaa kwenye ubongo, na hasa mwanzoni huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Kwa nini uzito husimama

Mwili hupokea kupungua kwa uzito kama dalili ya njaa inayokuja, nao hujihami kwa njia mbili. Unatumia nishati kidogo kuliko zamani, na unaongeza hamu ya kula. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walikadiria kwamba kila kilo moja inayopungua hushusha matumizi ya mwili kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini huisukuma hamu ya kula juu kwa takriban kilokalori 100.

Tuseme mama mmoja ametoka kilo 96 hadi 84. Mwili wake sasa unatumia pungufu ya kilokalori 240 hadi 360 kila siku, na njaa inamsukuma ale zaidi kwa kilokalori 1,200 hivi, karibu nusu ya chakula cha siku nzima. Asingekuwa na dawa, angeishindaje njaa hiyo mwaka mzima? Dawa ndiyo inayoizuia. Siku nguvu ya dawa na nguvu ya njaa zinapolingana, mizani husimama. Kwa hiyo uzito uliosimama unaweza kuwa ushahidi kwamba dawa ingali kazini.

Majaribio yanathibitisha hilo. Katika utafiti wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Uzito uliendelea kushuka hadi karibu wiki ya 60, kisha ukatulia. Baadhi yao walifuatiliwa baada ya kuacha dawa, na ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza.

Hivyo swali la kwanza ni hili: umekwama ukiwa hatua gani? Aliyekwama mwezi wa nne akiwa bado kwenye dozi ndogo ana nafasi kubwa ya kusonga mbele. Aliyekwama mwezi wa 15, akiwa kwenye dozi ya juu na ameshapunguza asilimia 15, pengine amefika pale dawa hiyo inapoweza kumfikisha.

Hakiki mizani, kisha dawa

Jipime mara moja kwa wiki, kwenye mizani ileile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai. Dawa hizi hufunga choo, na choo kilichofunga, chumvi nyingi au siku za hedhi vinaweza kuficha upungufu wa kilo moja au mbili. Pima pia kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kiuno kikipungua wakati uzito umesimama, mafuta ya tumboni yanaondoka. Usiseme umekwama kabla ya wiki nane hadi 12 kupita.

Sasa itazame dawa yenyewe. Semaglutaidi ya kupunguza uzito huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na hupandishwa hatua kwa hatua kwa wiki 16 hadi 2.4. Mtu aliyebaki kwenye 0.5 kwa kuwa ndiyo pekee aliyoipata dukani, au anayeruka wiki kwa kukosa fedha, bado hajaijaribu dawa kikamilifu. Aseme hivyo waziwazi mbele ya daktari. Kichefuchefu kutoweka kisikutishe. Tumbo huzoea dawa mapema, lakini ubongo huendelea kuipokea.

Kisha kuna joto. Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ozempic ikishaanza kutumika hukaa siku 56 tu, mahali pasipozidi nyuzijoto 30. Sindano iliyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Kagera bila kasha la baridi, au iliyoganda kwenye friji kwa kugusana na barafu, huenda imeharibika bila kubadilika sura. Jihadhari pia na dawa bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya semaglutaidi bandia kugunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Nunua kwa cheti cha daktari, kwenye famasi iliyosajiliwa. Ukiishuku dawa, usijidunge; itolee taarifa kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini.

Dawa nyingine nazo zinaweza kuvuta uzito juu: prednisoloni, insulini, glibenklamaidi, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na dolutegravir iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na wapo wengi wanaoishi vizuri leo kwa sababu ya dawa hizo. Usiache hata moja ili upungue kilo. Zipeleke zote kwa daktari azipange upya kama inawezekana.

Sahani ya ndizi na maharage

Ndizi za kupika zikichanganywa na maharage ni chakula chema, sina ugomvi nacho. Tatizo ni kile ambacho mtu huacha njaa inapopungua. Wengi huacha maharage na samaki kwa kuona ni vizito, wakabaki na chai ya maziwa yenye sukari na andazi. Nishati inaingia, misuli inakosa chakula chake. Katika utafiti ule wa 2021, waliopimwa muundo wa mwili walionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya uzito uliopotea haukuwa mafuta, na sehemu ya huo ni misuli. Misuli ikipungua, mwili unatumia nishati kidogo zaidi, na nguvu za kazi zinapungua.

Badilisha mpangilio: anza na maharage, dagaa, yai au mtindi, fuata na mboga za majani, ndizi zije mwisho. Gramu 30 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 15 za protini. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi kinachomfaa. Msimu wa senene ni neema ya protini, ila wamejaa mafuta, basi kiganja kimoja kinatosha.

Vinywaji vitazamwe kwa makini, kwa sababu vinapita tumboni upesi hata kwa aliye kwenye dawa. Soda ya mililita 300 ina kilokalori 130 hivi, kupita kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia chenye 120. Rubisi, pombe ya ndizi, nayo ina nishati yake, na ikilewesha huondoa kiasi katika kula.

Jembe pekee halitoshi

Wapo wanaosema, "Nalima shambani kutwa, kwa nini nisipungue?" Jibu limepatikana hapahapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wa eneo la Ziwa Eyasi. Walikuwa wakitembea na kufanya kazi nyingi kila siku, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili hufidia kazi nyingi kwa kubana matumizi mengine.

Mazoezi yana thamani kubwa kwa moyo, sukari na usingizi, na yanasaidia uzito usirudi. Kwa aliyekwama, muhimu zaidi ni yale ya kulinda misuli: kuinuka na kukaa kwenye kigoda mara kadhaa, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua ndoo nusu ya maji, mara mbili au tatu kwa wiki.

Baada ya hapo

Ukiyahakiki yote na uzito haujasogea, rudi kwa daktari. Anaweza kupandisha dozi, kupima tezi ya shingo, au kubadilisha dawa. Utafiti wa 2025 uliolinganisha dawa mbili kwa wiki 72 ulionyesha upungufu wa asilimia 20.2 kwa tirzepataidi na 13.7 kwa semaglutaidi. Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, kutapika mfululizo au ujauzito vinataka uende hospitali mara moja bila kusubiri miadi.

Na ujue pia pa kuridhika. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu tayari hushusha presha na sukari, na hupunguzia magoti mzigo. Mama yule wa kilo 84 ameshapita kiwango hicho. Kama presha yake imetulia na shamba analimudu, kazi yake sasa ni kuzilinda kilo 84 hizo, na kuzilinda ni matibabu kamili.