Jumamosi Kumi na Nane: hesabu ya mbio za magari kwa mtu mwenye kazi yake



Mjukuu wangu ninayekaa naye hapa Dubai anapenda mbio za magari. Si zile za barabarani za kuhatarisha watu, Mungu apishie mbali, bali za kiwanjani, zenye leseni, watu wa bendera na gari la wagonjwa linalongoja pembeni. Alianza na karti, sasa yeye na wenzake watatu wamechanga fedha wakanunua gari moja kuukuu, wanaliendesha kwa kupokezana.

Sina ugomvi na mchezo huo. Lililonitia simanzi ni jingine. Dada yangu yuko Maskati, na ndiye bibi aliyemlea kijana huyu tangu anatambaa. Msimu uliopita bibi aliumwa, akalala kitandani muda mrefu, na katika miezi saba mjukuu alikwenda kumtazama mara moja tu. Kila nikimuuliza jibu lilikuwa moja: "Babu, Jumamosi hiyo nina mbio." Hampuuzi bibi yake. Jumamosi zenyewe ndizo zilizokuwa chache, na hakuna aliyekaa kuzihesabu.

Mimi nilikuwa karani zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupanga zamu za watu. Nikamwambia alete kalenda ya mbio na ratiba ya zamu zake za uwanja wa ndege, tukae mezani. Nayaeleza hapa tuliyoyaona kwa sababu najua nyumba nyingi za Waswahili huku Ghuba zina vijana wa namna hii, kama si wa magari basi wa mpira au kriketi.

Kwanza tujue tofauti ya dereva wa kulipwa na dereva wa ridhaa. Wa kulipwa, mbio ndiyo kazi yake. Akiambiwa mazoezi Ijumaa, kupanga nafasi Jumamosi na mbio Jumapili, yeye yupo tu. Wa ridhaa ana mwajiri, ana mke, ana mkopo wa benki. Siku tatu kwake ni nusu ya likizo. Kwa hiyo wanaoandaa mbio za ridhaa na wakataka watu waje, hubana mambo yote katika siku moja: asubuhi mapema magari yanakaguliwa, madereva wanaitwa kupewa maelekezo, yanafuata mazoezi mafupi, kisha kupanga nafasi, kisha mbio zenyewe, na jioni mtu yuko kwake. (Msidhani ridhaa maana yake hajui. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu huwapanga madereva wa magari ya aina hii kwa madaraja manne, la chini likiitwa la shaba, nalo limewekwa kwa ajili ya watu wa ridhaa. Ahmad Al Harthy wa Oman yumo katika daraja hilo, na mwaka 2024 alikuwa gari moja na Valentino Rossi katika ubingwa wa dunia wa mbio ndefu.)

Sasa ni siku ipi? Hapo ndipo penye fundo, na fundo hilo ni letu sote. Tulipofika nchi hii tulipumzika Alhamisi na Ijumaa. Mwaka 2006 ikawa Ijumaa na Jumamosi. Tangu Januari 2022 serikali inapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku, na makampuni mengi yakafuata. Sharja wao wakachukua zote tatu. Oman ilitoka Alhamisi na Ijumaa mwaka 2013 ikaingia Ijumaa na Jumamosi, na hapo ndipo ilipo hadi leo. Ziwekeni nchi hizo pamoja mtaona siku iliyobaki ya wote ni Jumamosi peke yake. Harusi ni Jumamosi. Hitima ni Jumamosi. Mgeni wa Maskati akija, ni Jumamosi. Na mbio nazo zimekwenda kukaa papo hapo.

Hata yale mashindano makubwa ya saa 24 ya Dubai, yanayofanyika Dubai Autodrome tangu 2006 na kuleta madereva wengi wa ridhaa kutoka Ulaya, yalihama pamoja na kalenda. Mwaka 2020 yalianza Ijumaa tarehe 10 Januari (mvua ikayakata baada ya saa saba hivi, kiwanja kikawa bwawa). Mwaka 2023 yalianza Jumamosi tarehe 14.

Tukachukua msimu wa 2024/2025 kama mfano. Hapa mbio ni za Oktoba hadi Aprili. Kiangazi hakuna mwenye akili atakayekaa ndani ya gari la mbio mchana, maana hata wafanya kazi za nje hukatazwa na sheria kufanya kazi juani saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Kuanzia tarehe 5 Oktoba 2024 hadi 26 Aprili 2025 zilikuwamo Jumamosi 30. Ramadhani ilianza hapa 1 Machi ikala tano. Nne zikaangukia likizo ya skuli ya majira ya baridi, na wenye watoto husafiri. Moja ilikuwa ya mbio za saa 24 zenyewe, moja ya Formula 1 ya Abu Dhabi, moja ya mapumziko marefu ya sikukuu ya taifa. Zilibaki 18.

Tena Ramadhani hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo miaka hii inaingia katikati kabisa ya miezi ya baridi, ile ile ambayo timu za Ulaya nazo zinakimbilia huku kutafuta jua na kukodi viwanja. Mtu wa ridhaa hupewa kinachobaki.

Kijana akasema, "Kumi na nane si haba, Babu." Nikamwambia alete zamu. Kazini kwake ni siku nne za kazi na mbili za nyumbani, mzunguko wa siku sita. Wiki ina siku saba. Kwa hiyo kila wiki mzunguko unasogea siku moja, na katika kila wiki sita anapata Jumamosi mbili tu, tena zinazofuatana. Theluthi ya 18 ni sita. Jumamosi sita katika miezi saba, na zote alikuwa amezitia kwenye mbio bila kujua.

Alikaa kimya. Mimi nikaenda kutia chai.

Hapo nikamsimulia habari za kwetu. Nilipokuwa skuli ya misheni Mombasa, likizo ya Pasaka ilikuwa na maana mbili: mapadri walikuwa na ibada zao, na sisi watoto wa Kiislamu tulikuwa na Safari Rally redioni. Mashindano yale yalianza 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, kisha yakazoea kufanyika Pasaka. Kwa nini Pasaka? Mimi naona sababu iko kwenye kalenda. Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ni siku nne za mapumziko, na washindani wengi wa mwanzo walikuwa watu wa maduka, mashamba na gereji, wasioweza kufunga kazi wiki nzima. Joginder Singh, aliyeshinda 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo, alikuwa fundi wa magari. Watazamaji nao walikuwa nyumbani siku hizo hizo, wakajipanga njiani. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilifanyika Juni, lakini 2024 ikarejeshwa Pasaka, 28 hadi 31 Machi. Nilipoona tarehe zile nilicheka peke yangu.

Huku siku nne za namna hiyo ni chache, na Idi si ya mbio. Basi tukarudi kwenye karatasi.

Nikaona jambo ambalo kijana hakuliona. Zile Jumamosi zake mbili zinazofuatana hazifanani. Ya kwanza inakuja na Jumapili. Ya pili inakuja na Ijumaa. Na Ijumaa na Jumamosi ndiyo mapumziko ya Maskati! Wiki ile ya pili, siku zake mbili ndizo siku ambazo nyumba ya bibi imejaa watu, wajomba wapo, watoto wapo. Kutoka hapa hadi Maskati ni kama kilomita 450, saa tano pamoja na mpaka. Akitoka alfajiri, Ijumaa anaswali huko.

Basi tukagawa: Jumamosi ya kwanza ya kila jozi ni ya mbio, na Jumapili yake ni ya kunyoosha mgongo. Jumamosi ya pili ni ya bibi. Jumamosi zake zitakazoangukia Ramadhani au likizo ya skuli, kalenda ya mbio haina haja nazo, nazo ni za Maskati au za kulala.

Gharama yake ipo, wala sikumficha. Badala ya mbio sita anabaki na tatu, na mwenye tatu hawezi kushindania kikombe cha msimu. Hapa wenzake ndio waliookoa. Katika mbio ndefu gari moja huendeshwa na watu kadhaa, na wao wako wanne: mmoja mwalimu, mmoja wa duka, mmoja wa benki, na huyu wetu wa zamu. Waliokuwa huru Jumamosi zote wakakubali kushika usukani wiki zile za bibi, na pointi zinakwenda kwa gari. Yule wa duka alilalamika kidogo, kwani Jumamosi ndiyo siku yake ya biashara, wakampangia zamu ya kwanza ya asubuhi ili arudi dukani kabla ya adhuhuri.

Kwa waandaaji nina ombi moja la karani mzee. Tarehe za msimu mzima zitoke Septemba, zisitoke mwezi kwa mwezi. Mtu wa zamu akizijua mapema anaweza kubadilishana na mwenzake kazini. Akiambiwa wiki mbili kabla, anachagua baina ya kudanganya mwajiri na kukosa, na wengine huchagua kudanganya.

Karatasi tumeibandika kwenye friji, kalamu nyekundu ya mbio na ya kijani ya Maskati. Dada yangu nimemsomea tarehe za kijani kwenye simu, moja moja, naye akanitaka nizirudie polepole ili mtoto wa jirani amwandikie.