Kiwavi mwenye jina la mpunga katika mahindi ya Chonyonyo

Ingia shamba la Chonyonyo, wilayani Karagwe, mahindi yangali machanga kando ya migomba, ufunue majani ya katikati. Ukikuta matundu na kinyesi kibichi kama unga wa mbao, mtafute mwenyewe. Kiwavi mwenye alama ya Y iliyogeuzwa usoni, na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia, ndiye kiwavijeshi vamizi.

Asili yake ni Amerika. Alibainika Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa Tanzania. Nondo wake huweza kuruka hata kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Huko atokako, wataalamu wanamjua kwa koo mbili: ukoo wa mahindi, na ukoo wa mpunga, unaopenda pia nyasi za malisho. Kwa macho huwezi kuzitenganisha, ni mpaka upime vinasaba.

Vipimo vya Afrika vilileta fumbo. Jeni za mitokondria, ambazo mtoto hurithi kwa mama tu, ziliwaonyesha viwavi wengi kuwa wa ukoo wa mpunga. Jeni nyingine, Tpi, iliyo kwenye kromosomu ya jinsi, ikaonyesha kuwa wengi wa hao hao ni wa ukoo wa mahindi. Kumbe ni machotara! Wamebeba alama ya bibi wa mpunga, lakini njaa yao ni ya mahindi. Ndiyo maana mpunga wetu umenusurika kwa kiasi kikubwa huku mahindi yakiteketea. Kwa hiyo kipimo cha jeni moja hakitoshi, na kinaweza kumtia hofu bure mkulima wa mpunga.

Kuna tofauti nyingine ya vinasaba inayomgusa mkulima mfukoni. Baadhi ya viwavi hawa wana mabadiliko katika jeni inayolengwa na dawa za kundi la oganofosfeti, kama profenofosi. Dawa ikipigwa, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Kubadili chupa yenye jina jingine hakusaidii ikiwa kilichomo ni kilekile.

Ndugu mkulima, kagua shamba mara kwa mara tangu mahindi yanapochipua, uyaponde mayai kabla hayajaanguliwa. Ukilazimika kupiga dawa, ipige viwavi wakiwa wadogo, na kabla ya kulipa dukani soma kiambato kilichoandikwa kwenye lebo au mwombe afisa ugani akusomee.